Vani Iliyowekwa Pembeni

Mama Mapazia hakwenda yadini kununua gari. Alikwenda kutundika mapazia. Mwenye yadi alikuwa amechoshwa na jua la mchana lililompiga usoni kila alipokaa na mteja, akaagiza mapazia mazito ya rangi ya majivu. Mama huyo, ambaye jina lake lilitokana na kazi aliyoifanya nusu ya umri wake, akafika na ngazi yake, futi ya kupimia shingoni na kulabu mdomoni. Akiwa juu ya ngazi alivuta pazia la dirisha la nyuma, aone kama linateleza vizuri. Hapo ndipo alipoiona.

Ilikuwa vani ya rangi ya fedha, imesukumwa pembeni nyuma ya magari yanayong'aa kama mgeni asiyealikwa. Mlango wake wa nyuma ulikuwa umeinuka juu, na kutoka ndani limetokeza bamba refu la chuma, limeshuka mpaka chini kama ulimi.

"Ile nayo ni nini?" aliuliza.

"Ah, ile." Mwenye yadi hakuinua hata kichwa. "Imekuja na mzigo wa ng'ambo. Huko ilikuwa ya kubebea watu wa viti vya magurudumu. Nataka kuling'oa lile bamba niweke viti vya abiria. Hivyo ilivyo hainunuliki."

Mama Mapazia alishuka ngazi taratibu. Kulabu mbili zilimdondoka mdomoni, akaziacha hapo chini.

"Usiling'oe kwanza," alisema. "Nipe wiki moja."

Mumewe alikuwa mchoraji wa mabango. Mji mzima walimwita Msanii, na nusu ya maduka ya barabara kuu yalibeba mwandiko wake, herufi nene zenye kivuli upande mmoja. Miaka minne nyuma jukwaa la mbao lilikatika akiwa usawa wa ghorofa ya pili, na tangu siku hiyo miguu yake haikumsikia tena. Pikapu yao, ileile aliyomfundishia mkewe kuendesha, iliuzwa wakati wa matibabu. Ikabaki safari moja tu, ya kliniki, na hiyo nayo ilikuwa vita. Teksi zilisimama, dereva akikiona kiti anakumbuka ghafla kwamba kuna mteja anamsubiri mahali. Akipatikana wa kukubali, basi Msanii abebwe mikononi mbele za watu, kiti kikunjwe kitiwe kwenye buti, buti lifungwe kwa kamba. Akirudi nyumbani hasemi neno mpaka kesho yake. Siku za karibuni alikuwa ameanza kusema, "Kliniki ya mwezi huu tuiache." Na mwezi uliofuata akasema vilevile.

Jioni ile mkewe alimkuta mezani akimalizia kibao kidogo. Siku hizi alichora vidogo tu, vya kupakatwa mapajani: Mbwa Mkali, Funga Mlango, Hakuna Choo cha Wageni. Alimweleza habari za vani bila kuzunguka.

"Wanaingilia nyuma?" Msanii aliuliza, brashi ikiwa hewani.

"Nyuma."

"Panapoingia magunia na mafriji. Mke wangu, mimi si friji."

"Friji halinung'uniki," alimjibu.

Msanii alicheka bila kutaka, kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Na chumba cha cherehani je?" Kwa muda mrefu walikuwa wanajibana ili waongeze chumba, kwa maana cherehani ililala nao chumbani, na vitambaa viliwafuata mpaka kitandani. Mama Mapazia akaenda kuwasha jiko.

Jumapili alikuja wifi yake, dadake Msanii, mwenye duka la viatu. Wifi huyu hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alipoisikia habari ile aliweka mkoba chini, akakaa sawasawa.

"Wifi, wewe una akili zako. Gari wenyewe wamelichoka, wamelitupa majini lije kwetu, na wewe unalipokea kwa mikono miwili? Kule limezoea barabara laini kama meza. Mashimo ya hapa yatalimaliza. Likiharibika, spea utazitoa wapi? Jirani yangu alinunua moja ya umri huohuo, leo kuku wanatagia ndani."

"Dada, mimi nipo hapahapa," alisema Msanii.

"Nakuona, kaka. Wewe ndiye ninayekuogopea." Akamgeukia tena wifi yake, sauti ikapungua. "Ukimtoa nje mara mbili tatu, halafu gari life, moyo wake utauinua kwa kitu gani?"

Neno hilo lilimwingia Mama Mapazia kwa sababu na yeye alikuwa nalo moyoni. Wiki nzima alishona huku anapima. Mguu unakanyaga pedali, kichwa kiko yadini. Gari ni kuukuu, litakunywa mafuta kuliko yale madogo ya kisasa. Lakini kwa kuwa ni kuukuu, halina mitambo ya ajabu ambayo mafundi wa mtaani wanaiangalia tu na kukuna vichwa. Bei yake iko chini, maana hakuna anayelitaka. Lakini kama hakuna anayelitaka leo, nani atalinunua siku akitaka kulitoa? Akakumbuka pia fito za mapazia, jinsi alivyozoea kuzibeba begani akiwagonga wapita njia visogoni. Hizo zingeingia ndani zote. Alishona pindo upande usio wake, akalifumua, akaanza upya. Mwisho akakata shauri aende kwa anayejua.

Fundi Grisi ndiye aliyekuwa akiitibu pikapu yao zamani. Alikubali kwenda naye yadini, akatandika boksi chini, akazama uvunguni na tochi yake. Ikaonekana miguu tu. Mara anagonga, mara anaguna. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Niambie yote," alisema Mama Mapazia. "Anza na mabaya."

"Kutu imeanza kula huku chini. Si ya kukutisha leo, ila ukiiachia mvua zipite bila kuikwangua, itafika sakafuni. Shokomzoba za nyuma zimekufa. Mipira ya chini yote imekauka. Na hizo kilomita zinazosomeka mbele, usizitie sana maanani." Mwenye yadi alikohoa kidogo. "Halafu bamba. Lilikuwa na mota ya kulishusha. Mota imeungua, na mota ya namna hiyo mimi sijui pa kuipata."

Fundi Grisi aliingiza mkono dirishani, akawasha gari.

"Sasa mazuri. Injini ni nzima. Sikiliza inavyotulia, kama paka aliyeshiba. Gia boksi haina neno. Na bamba lenyewe linashuka hata kwa mkono. Vuta hapo."

Alivuta. Lilikuwa zito, lakini lilikuja.

"Kwa hiyo ninunue?"

Fundi Grisi alijifuta mikono kwa muda. "Mama, kama unatafuta gari la kutembelea tu, mimi ningepita. Kama unatafuta la kazi hiyo moja, ningefikiria. Litakusumbua, nisikudanganye. Ila litakusumbua kwa vitu ninavyoweza kuvitengeneza, ukiacha ile mota."

Kabla hajaondoka, Mama Mapazia alitoa futi yake akapima upana wa mlango, kisha kimo kutoka sakafu mpaka dari, kama vile anapimia dirisha. Nyumbani alimweleza mumewe yote, kutu mpaka mota, hakuficha hata moja. Msanii aliweka brashi chini.

"Kichwa changu kitagusa dari?"

"Hakigusi. Nimepima."

"Wewe umepima," alisema. Akatazama ukutani, kisha akasema, "Nataka niione mwenyewe."

Walikwenda Jumamosi asubuhi, kwa kumsukuma. Wifi naye alifuatana nao, kwa maneno yake mwenyewe, ili azuie wazimu. Lakini walipofika kwenye kimlima cha nyuma ya soko, alivua viatu vyake vya duka, akavishika mkono mmoja, akasukuma kwa ule mwingine. Njiani watu walisimama. Muuza magazeti aliacha meza yake akavuka barabara. "Msanii! Tulidhani umehama mji." Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi. Msanii aliwajibu wote, mwanzoni kwa aibu, halafu kwa utani wake wa zamani, na Mama Mapazia, akisukuma kwa nyuma, aliona mabega ya mumewe yakilegea kidogo kidogo.

Yadini walilivuta bamba, wakampandisha. Ndani kulikuwa na mikanda minne ya kukamatia magurudumu. Wakaifunga.

Dirisha lilikuwa usawa wa macho yake. Chini yake, kwenye plastiki ya mlango, palikuwa pamelika na kulainika, mahali padogo kama kiganja. Msanii aliweka kiwiko chake hapo. Kilikaa sawasawa.

"Kuna mtu alikaa hapa miaka mingi," alisema. "Alikuwa anaangalia nje."

Wifi aliinama akachungulia pale palipolika.

"Nilidhani nitajiona kama mzigo," aliendelea, bila kuwaangalia. "Ndiyo maana nilikuwa mkali. Lakini mzigo hauwekewi dirisha."

Mama Mapazia aligeuka akajifanya anaangalia tairi.

Mwenye yadi alitoa ufunguo wajaribu. Mama Mapazia hakuwa ameshika usukani tangu pikapu iondoke, na hii ilikuwa otomatiki. Mguu wake wa kushoto ulihangaika kutafuta klachi isiyokuwepo. Vani iliruka mara moja, wifi akamkamata kaka yake kama vile ndiye atakayeanguka, kisha ikatulia. Walizunguka yadi, wakatoka getini. Kila shimo shokomzoba zile zilipiga kelele, na kila kelele wifi alisema, "Unasikia?" Mama Mapazia alisikia. Alisikia pia mumewe akisema kwa nyuma, "Kunja kushoto."

Kushoto ilikuwa barabara kuu, barabara ya mabango yake. Alikwenda polepole. Mengine yalikuwa yamefutwa, mengine yamepauka, moja limeandikwa upya na mtu ambaye herufi zake zilikuwa zimelala kama walevi.

"Simama. Lile bango la duka la dawa. Nani ameligusa?"

"Sijui."

"Ameliua." Msanii alikuwa amesogeza uso karibu na kioo. "Ukutani sipandi tena, sawa. Lakini lile ni la bati, lile unalishusha chini. Naweza kulifanya nimekaa. Kinachotakiwa ni mimi kufika, nilione, nipime, nielewane na mwenyewe."

Wifi alikunja mikono, akamtazama kaka yake, akatazama barabara. Waliporudi yadini, yeye aliyekuja kuzuia ndiye aliyemkaba koo mwenye yadi. Alimtajia kutu, alimtajia mipira, alimtajia mota iliyoungua kana kwamba ameiunguza yeye, na hakumwachia mpaka bei iliposhuka.

Waliinunua. Chumba cha cherehani kilisubiri. Fundi Grisi alikwangua kutu yote, akapaka rangi nyeusi uvunguni kote, akabadilisha shokomzoba, na mafuta kweli ilikunywa kuliko walivyotarajia. Mwezi wa tatu mpira wa rejeta ulipasuka mbele ya kliniki, moshi ukawafunika, na gari likalala pale siku kadhaa wakisubiri spea. Wifi alizihesabu siku hizo kwa vidole, mbele yao. Siku ile Msanii alirudi nyumbani kwa kusukumwa, umbali mrefu, na mkewe alikuwa akimwogopea moyo wake. Usiku huo Msanii aliongea mpaka wakalala. Alikuwa akifikiria rangi ya bango la duka la dawa.

Hawakukosa kliniki tena. Huko walikutana na mama mmoja mwenye kiti kama cha Msanii, anayeishi njia moja nao, wakawa wanampitia, naye akichangia mafuta. Mota haijapatikana mpaka leo. Bamba linavutwa kwa mkono, na mkono wa kulia wa Mama Mapazia umekuwa na nguvu kuliko wa kushoto, jambo analolionyesha kwa wateja wake akiwakunjia mkono.

Mwenye duka la dawa alikubali kushusha bati lake. Juzi mchana vani ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara, bamba limeshuka, na Msanii alikuwa kwenye baraza ya duka akibishana naye kuhusu kivuli cha herufi, kiwe cha bluu au cha kahawia. Sauti zilikuwa zimepanda. Mwenye duka alirusha mikono, Msanii akamwelekezea brashi. Mama Mapazia aliyaona yote kupitia kioo cha mbele, pazia la mteja limemjaa mapajani, na hakutaka kushuka kuamua. Alikata uzi kwa meno, akaingiza mwingine kwenye sindano, akaendelea na pindo.