Sarafu Niliyoisugua

Hadi leo nikisikia harufu ya ndimu iliyokamuliwa juu ya chuma, hutafuta mlango nitoke nje. Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi ughaibuni, Barking, ghorofa ya kumi, madirisha hayafunguki zaidi ya upana wa kiganja. Lifti ilikuwa mbovu Ramadhani nzima, kwa hiyo nikisharudi kutoka shule sikushuka tena. Kwetu, Idi ikikaribia, kila chombo cha chuma husuguliwa kwa ndimu na chumvi, na kazi hiyo ilikuwa yangu: sinia, birika, dele la kahawa. Jumamosi moja nilivimaliza vyote kabla Baba hajaamka, nikatafuta kingine, nikakumbuka sarafu yake iliyofungwa kwenye leso.

Ilikuwa ya nikeli, ya Kifaransa, ya mwanzoni mwa karne iliyopita. Babu alipewa na bwana wake Mfaransa, alipokuwa mpishi kule Moroni. Haikuwahi kutumika sokoni. Zilipigwa chache tu za majaribio, ili wakubwa wa Kifaransa wachague sura ya pesa mpya. Baba alizoea kuinasisha kwenye sumaku ya friji ili nicheke. Siku zile hakuwa na mzaha. Bibi, mama yake, alikuwa hoi Unguja, na sarafu ile ndiyo ingemnunulia Baba tiketi ya kwenda kumwona. Nikaona nimsaidie. Nikaisugua kwa waya wa kusugulia masufuria mpaka ikametameta, nikaifunga tena kwenye leso.

Mchana tulikwenda kwa mnunuzi, mzee wa Kiingereza mwenye kiduka chembamba. Aliigeuza chini ya lenzi, akashusha pumzi. Alisema ingebaki na ukungu wake wa uzee angeichukua bila kubishana. Sasa imechubuliwa, hakuna atakayeitaka. Akauliza nani kaisafisha. Nilitaka kukimbia, lakini mlango haukufunguka ila kwa kitufe kilichokuwa mezani kwake.

"Mimi," Baba alijibu.

Bibi alizikwa wiki moja baada ya Idi, Baba akiwa Barking. Hakuniuliza kitu, nami sikusema, na nyumba ikazidi kuwa ndogo.

Sasa naishi Thornton Heath, nyumba ya chini yenye kibustani, na tiketi ya Unguja nainunua kwa simu nikiwa kwenye basi. Masinia nanunua ya plastiki. Mwaka huu Baba alipokuja kula Idi, nilimwambia yote, nikilia.

"Nalijua tokea dukani, mwanangu. Nilikushika mkono, ukinuka ndimu."

Nikamuuliza mbona alinyamaza miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."