Hakuna Kushuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo na kunyang'anywa honi. Msicheke, wanangu, ndivyo ilivyokuwa! Nilitoka depo ya St Marys, huku ugenini, nikiendesha basi dogo la kubebea wazee na wagonjwa, Mkufunzi wa Madereva kaketi kando yangu. Kabla hatujafika kituo cha treni nikamwona dada wa kanisani kwetu anavuka barabara. Nikambonyezea honi, pii pii, kama tunavyosalimiana kwetu Morogoro. Weee! Watu wakageuka wamekunja nyuso, na kijana wa gari la mbele akanionyesha kidole ambacho sitakitaja.

"Umemtukana nani?" Mkufunzi akauliza.

"Sijamtukana mtu. Nimesalimia."

"Hapa honi ni ya kuokoa maisha. Ukiigusa tena leo, naendesha mimi."

Mkufunzi yule alikuwa mzungu mwenye shingo nene na sauti ya chini, na kazi aliijua haswa. Ndiye aliyenifundisha kitu alichokiita nafasi ya kutokea: ukisimama nyuma ya gari kwenye taa, simama mbali kiasi cha kuyaona matairi yake ya nyuma yakigusa lami. Ukiyaona, unaweza kukata usukani ukaenda zako bila kurudi nyuma. Usipoyaona, umejifungia mwenyewe. Alinifundisha pia kufunga milango kwa ndani kabla sijaondoa gari, na kutomkazia macho mtu aliyepandwa na hasira wala kumjibu. Mimi mdomo wangu hauna breki, mnanijua, kwa hiyo hilo la kutojibu ndilo lililonitoa jasho.

Baadaye nikahamishiwa Macquarie Fields. Huko bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Safari, Mkenya asiyejua kuongea polepole. Kila asubuhi wimbo wake ulikuwa huohuo. "Mama, sheria ni moja. Hakuna kushuka! Akutusi, akugongee kioo, amtaje mpaka nyanyako, wewe kaa ndani. Ukishuka, umeisha!"

"Na kama kosa ni langu?"

"Hata kama. Inua mkono uombe msamaha, ukiwa ndani."

Hilo lilinishangaza kweli. Sisi tulilelewa kwamba ukimkosea mtu unamfuata alipo, unampa mkono, unasema samahani, yanaisha. Kumbe hapa ukimfuata mtu kwenye gari lake, yeye anajua umekuja kupigana.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Byamungu. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki kuona vivuli tu. Kanisani kwao ndiye aliyekuwa msomaji wa Neno kila Jumapili, na sasa alikuwa anasomewa na mjukuu aliyeruka majina yote magumu. Mzee aliteseka! Alikuwa amesubiri upasuaji muda mrefu mno, na hospitali ya Campbelltown ilishamwambia kwamba akikosa asubuhi yake anarudi mwisho wa foleni. Tulikuwa hatujawahi kukutana. Alinijua kwa sauti tu, maana alishanipigia simu kuhakikisha kwamba nakuja, kisha akapiga tena kuhakikisha.

Nikamchukua, tukashika barabara kuu, mvua inanyesha. Niliendesha kwa mwendo ule ule uliokuwa kwenye vibao. Mara pikapu nyeupe ikanijia nyuma, karibu hadi taa zake nisizione kwenye kioo. Honi, honi, honi! Ikatupita, ikajitupa mbele yetu, ikafunga breki. Mzee akaning'inia kwenye mkanda. Tulipofika kwenye taa nyekundu pikapu ikasimama, mlango ukafunguka, na jitu likashuka na spana ya magurudumu mkononi. Nikatazama mbele: matairi ya pikapu nayaona! Nafasi ipo!

"Kuko nini, mama?" Mzee akauliza.

"Kuna mtu ana hasira, baba. Tulia."

"Basi fungua nishuke, nimuombe pardon. Miye niko mzee, hawezi kunipiga."

Nikasikia mkanda umefunguka, tak. Wakati huohuo yule bwana akaupiga mlango wangu teke, basi zima likatikisika. Mzee alikuwa ameshasimama, anapapasa upande wa kushoto akitafuta mlango, na usoni ana tabasamu la mtu anayekwenda kusalimia wageni. Hakuiona spana. Mimi niliiona, imeinuliwa.

Tangu nizaliwe sijawahi kumpandishia sauti mtu wa umri wa baba yangu. Siku ile niliipandisha mpaka mwisho. "Kaa chini, mzee! Hakuna kushuka! Funga mkanda unyamaze!"

Akakaa. Niliposikia mkanda umeingia nikakata kushoto, nikaingia njia ya wanaopinda, tukaondoka! Kwenye kioo nilimwona bwana yule kasimama kwenye mvua na spana yake, taa imeshakuwa ya kijani, magari ya nyuma yanampigia honi kwa hasira.

Sikusimama popote mpaka mlango wa hospitali, miguuni mwa walinzi. Tulikuwa tumewahi.

"Tumefika, baba."

Alishuka akishikwa mkono na muuguzi. Kisha akageukia ilipokuwa sauti yangu. "Hata watoto wangu habajanipigia kelele vile," akasema, akaenda.

Yalinichoma, maneno yale. Nikampigia Msimamizi, nikamweleza yote, na alichouliza ni kimoja tu: "Ulishuka?"

"Sikushuka."

"Mama, wewe ni noma!"

Nilicheka huku nalia. Polisi walipokuja kuandika maelezo yangu nilizungumza nao vizuri, lakini Mzee nilimwogopa.

Wiki kadhaa zikapita, macho yote mawili yakawa yamepasuliwa, nikapangiwa kumpeleka kuangaliwa. Akatoka nyumbani kwake anatembea mwenyewe, Biblia kwapani. Akaniangalia, akaangalia ndani ya basi, akaniangalia tena.

"Chofere iko wapi?"

"Dereva ndiye mimi, baba. Shikamoo."

Mnajua urefu wangu, siwafikii watu wengi mabegani. Mzee akatoa macho yake mapya. "Weye? Kadogo hivi? Ile sauti yote ilitoka mu hiki kimwili?" Akacheka mpaka akaegemea basi, na alipoegemea mkono wake ukaingia kwenye bonde lililoachwa na lile teke mlangoni kwangu. Akalitazama kwa karibu. Kicheko kikakatika.

"Alikuwa karibu hivi?"

"Karibu hivyo, baba. Na alikuwa na chuma."

Alipanda, akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda bila kuambiwa. Tangu siku hiyo akajifanya askari wa basi langu, kila apandaye anasomewa sheria.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma, na basi lile lile linanibeba mimi kwenda kliniki. Watu hudhani udereva ni mikono na miguu. Wanangu, udereva wa mji huu ni kumeza! Unameza tusi, unameza jibu zuri kabisa ulilokuwa nalo, unafika.

Juzi tumesimama kwenye taa, bwana mmoja wa gari la pembeni akafungua kioo akaanza kumporomoshea dereva wetu mpya matusi. Kijana wa watu kanyamaza, anatazama mbele, sawasawa kama alivyofundishwa. Lakini mimi! Damu ilinichemka. Kabla sijajua, mkanda nimeshafungua na mkono uko mlangoni, nimpe yule bwana neno moja tu.

Nyuma yangu ikatoka sauti ya Mzee Byamungu, iliyoshtua basi zima.

"Mama! Kaa chini! Hakuna kushuka!"

Nikakaa, nikafunga mkanda.