Kigoda Chenye Mto

Dukani kwetu hakuna aliyethubutu kumwita muuzaji wetu mama. Alikuwa na wajukuu, lakini ole wako umwamkie. "Shikamoo zako wapelekee wateja," angekujibu. "Mimi niite dada." Basi tukamwita Dada Godoro, naye akalibeba jina hilo kifua mbele. Mimi hushona makava ya magodoro nyuma ya pazia, kwa hiyo nilimsikia kutwa nzima, nitake nisitake. Sikumpenda, na sioni haja ya kuficha.

Kila rika alikuwa na ulimi wake. Vijana hakuwapotezea muda kwa salamu. "Lala kwanza, maneno baadaye," aliwaambia, akawapiga picha wamejinyoosha na kuwatumia kwenye simu kabla hawajavaa viatu. Wakija mume na mke wa makamo, aliongea na mke huku akimtazama mume. Lakini wazee ndio waliokuwa karamu yake. Aliwavutia kigoda chenye mto kilichokaa kando ya mlango, akawashika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza hali ya miguu. Bei haikutajwa mpaka mzee amalize maumivu yake yote. Kisha alishusha sauti: "Umeshafanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu yako ya kupumzika."

Hapo mzee alikuwa amekwisha. Bibi mmoja aliyefuata mto tu aliondoka na godoro la watu wawili, na mumewe yuko kaburini. Dada Godoro alikuja nyuma ya pazia akicheka huku amejishika mbavu. "Umesikia? Ameniaga kwa asante!"

Tajiri wetu alipotangaza kufungua duka la pili, Dada Godoro alijipa umeneja kabla hajapewa. Alianza hata kupanga meza yake itakaa upande gani. Akaletewa binti wa kumfundisha, ili duka letu lisibaki bila mtu, naye akamfundisha kwa moyo wote, maana kila somo lilimsogeza karibu na ile meza.

Binti alikuwa mwepesi, ila wazee walimshinda. Aliwaeleza ubora wa sponji, wakaaga na kwenda zao.

"Mzee hanunui sponji," Dada Godoro alimgombeza. "Mzee ananunua mtu wa kumsikiliza. Chuchumaa uwe chini yake. Usimkatize hata akirudia."

Mazoezi yakafanyiwa kwangu. Nilikalishwa kigodani niwe mzee wa mfano, nikaulizwa miguu mpaka nikaichukia miguu yangu mwenyewe. Binti akaiva.

Asubuhi moja tajiri alimwita binti ofisini, wakazungumza mlango umefungwa. Binti alitoka peke yake. Akakivuta kigoda, akakung'uta mto.

"Shikamoo, mama."

Nilisimamisha cherehani. Dada Godoro alicheka, akidhani ni mazoezi. "Hapo sawa. Ila polepole zaidi." Akaketi, ampe nafasi ya kujaribu.

Binti alichuchumaa, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Miguu inaendeleaje siku hizi?"

"Aa, goti hili la kushoto," alianza kwa mzaha. Lakini mzaha ulimwishia njiani, kwa sababu goti lilikuwa linamuuma kweli. Akaeleza ngazi za nyumbani kwake, akaeleza mgongo, akaeleza anavyolala ameinua miguu ukutani. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Binti hakumkatiza, hata aliporudia habari za ngazi.

Kisha binti akashusha sauti. "Mama, umeshafanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu yako ya kupumzika. Tajiri amenituma nikwambie. Duka jipya nakwenda mimi, na hapa analetwa mwingine."

Dada Godoro aliutazama mlango wa ofisi. Haukufunguka. Miaka yote nilikuwa nimengoja siku ulimi ule ukose la kusema, na nilifurahi, tena nilifurahi sana. Alijaribu kuinuka, goti likakataa, binti akamsaidia.

"Asante, mwanangu," alisema.

Binti alimsindikiza mpaka mlangoni, akambebea na mkoba. Aliporudi alikuja moja kwa moja nyuma ya pazia.

"Umesikia? Ameniaga kwa asante!"

Tukacheka sote wawili. Kisha akautazama uzi niliokuwa nahangaika kuutia kwenye sindano, akachuchumaa karibu yangu, akaniuliza macho yanaendeleaje siku hizi.