Kipande cha Reli Uani Kwangu

Ni mwaka ule tuliofuturu kwa viazi vitamu na chai isiyo na sukari, kwa maana vita vilikuwa vimefunga barabara ya kaskazini. Tisini na moja, hapa Kigali. Nchi hii haina reli, lakini uani kwangu reli ilikuwapo: kipande cha urefu wa mkono, kimening'inia kwa waya kwenye mparachichi.

Mume wangu alikuja nacho kutoka Tanzania, kwenye stesheni ndogo alikofanya kazi na alikonioa. Huko alikigonga treni ikikaribia, abiria wajiandae. Halafu tawi lile la reli likafungwa, reli zikang'olewa, mbuzi wakahamia chumba cha tiketi. Yeye akabeba chuma chake begani mpaka huku. Kila Ijumaa alikipaka mafuta. Nikamwambia, "Mimi hunipaki hata mgongo." Akasema, "Wewe hushiki kutu."

Ramadhani alikigonga jua likizama, na uchochoro mzima ulifuturu kwa mlio wake. Jioni moja tumekaa tunangoja, lori likapiga honi kule mteremkoni, honi nene kama ya treni. Mkono wa mzee ukaruka wenyewe. Ngo, ngo. Watu wakameza, na jua bado linatutazama. Siku ile tuliilipa wote, na mpaka anakufa hawakumwacha: "Stesheni Masta, leo treni iko na haraka?"

Alipokufa kazi ikawa yangu na ya wajukuu wangu, ambao wanakigonga vizuri kuliko yeye, nasema wazi.

Kisha, mwaka ule wa vita, uchochoro ukaharibika. Ukipita, watu wanapunguza redio. Ukisalimia, wanakutazama kwanza. Mimi nikawa sikai: nafagia ua uliokwisha kufagiwa, naenda mlangoni, narudi, sijui nilifuata nini. Ndipo akaja jirani mmoja aliyekuwa kiongozi wa vijana wa zamu ya usiku. Mtu huyo hafungi, lakini futari yetu hakuikosa hata siku moja.

"Mukecuru," akaniita, ndivyo huku wanavyomwita bibi kizee, "hii chuma iko na sauti. Tunaitaka kule njia panda, kuita vijana."

"Kuwaitia nini?"

"Ulinzi."

"Wamlinde nani?"

Akacheka tu. Mkononi alikuwa na panga jipya, na miaka yote ile sijamwona akilima.

Nikamwambia, "Chuma hiki kinaita watu kula. Hakiendi njia panda."

"Nitarudi," akasema.

Mwanangu alikuwa ndani, alisikia. "Mama, mpe. Wameshaanza kuuliza nani katoka wapi. Unataka watuulize sisi?"

Nikakishusha. Nikakificha chini ya kitanda, nikakitoa, nikakisukuma nyuma ya kuni. Nikapika, nikaunguza. Nikaenda kukitazama tena, kama vile kingetembea. Jioni wajukuu wakaja wananizunguka: "Bibi, mbona leo hakilii? Hatuli?"

Nikakirudisha mtini. Nikakigonga mwenyewe, kwa nguvu.

Yule jirani akaja kwa mlio uleule, na wenzake wawili. Nikamsogezea sahani ya viazi kama siku zote. Hakukaa. Hakuitazama hata hiyo sahani.

"Mara ya mwisho, mukecuru. Lete."

Mwanangu alinishika mkono. Nikauondoa.

"Chuma hiki kinaita watu kula. Hakiendi njia panda."