Keki Nyeusi ya Mama Georgette

Mama Georgette wa Likasi hajawahi kuonja pombe maishani mwake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Tangu aokoke, keki za harusi kanisani mwao alioka yeye, nyeusi, laini, zenye harufu ya kuwaleta majirani mlangoni. Weusi ule ulitokana na melasi, ule uji mzito unaobaki miwa ikishatoa sukari. Na melasi mjini ilipatikana kwa Blaise tu, mpika lutuku, ambaye huitumia kuchachusha hiyo pombe yake kali.

Sasa mtu akampiga picha akitoka kwa Blaise na kibidoni, kidumu cha plastiki, mkononi. Kufikia jioni picha ilikuwa imezunguka simu za akina mama wote wa kanisa. Mama Angèle, kiongozi wao, hakuuliza hata neno. Alitangaza kwamba keki ya harusi ya Daniella haitaingia kanisani ikiwa imetoka kwenye mikono ile. Daniella! Mtoto ambaye Georgette alimlea mwenyewe baada ya dada yake kufariki! Afadhali wangemtukana mbele ya soko zima.

Georgette alitaka kususa, lakini Daniella alilia, akasema hataki keki ya mtu mwingine. Basi akabeba mbabula, jiko lake la makaa, mpaka uani mwa kanisa, akawaita akina mama waje watazame. Aliunguza sukari kwenye sufuria kavu mpaka ikawa rangi ya kahawa, akaiwahi kabla haijawa chungu, akamimina maji ya moto huku amegeuza uso. Akatia asali ya Kapolowe ili iwe nzito, na ndimu, kwa sababu sukari ya kuungua haina ule ukali wa melasi unaoamsha bikaboneti, na bila huo keki ingelala kama tofali. Wenzake walikodoa macho muda wote, kana kwamba chupa ingechomoka chini ya kitenge chake.

Keki iliumuka, ikaliwa yote siku ya harusi. Mama Angèle akasimama kumshukuru Mungu kwa kumrudisha dada yao njiani. Njia gani? Georgette akainama kukusanya sahani, kwa heshima ya bibi harusi tu.

Haukupita muda mrefu, Mama Angèle akabisha hodi nyumbani kwake, mpole ajabu. Mwanawe alikuwa anaoa. Alitaka keki, ila si kama ile ya Daniella, ambayo utamu wake haukukaa ulimini. Alitaka ile ya zamani, ile aliyokuwa akifungiwa vipande vya kupeleka nyumbani.

Georgette hakupandisha sauti. Alivuta kibidoni kitupu kutoka chini ya meza, akamwekea mapajani.

"Ile utamu unatafuta njo ya melasi, mama. Wende weye mwenyewe ku Blaise, muchana, batu yote bakuone. Ukileta, miye nitapika."