Mtoto Aliyekataa Kuhama Runazi

Watu wa Runazi wananijua kwa ukali. Nilipojitolea kusimamia kikundi cha watoto waliofiwa, wanaokutana Jumamosi mchana kanisani, jirani yangu alicheka: "Wewe? Si utawaliza zaidi!"

Jumamosi moja mama mmoja wa Nyabusozi alimleta mtoto wa dada yake, binti wa miaka saba. Dada mtu alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, na mama huyo ndiye aliyebaki na mtoto katika nyumba ya marehemu hapa Runazi. Sasa maharage yake Nyabusozi yalikuwa yamekauka, yanapasukia shambani. Lazima arudi, tena na mtoto. Lakini mtoto, kila akishikwa mkono, alilia na kung'ang'ania mlango.

"Mama hakuniaga, kwa hiyo atarudi," aliniambia. "Nikihama atanikosa."

Kumbe siku ya mazishi walimpeleka kwa jirani, wakamwambia mama amesafiri kwenda Mwanza. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu, tukidhani ndiyo huruma. Nilikasirika! "Mmemdanganya mtoto, halafu mnataka ahame vipi?" nilimfokea yule mama mdogo. Kisha nikapiga magoti nimweleze mtoto ukweli, mimi niliyekaa semina ya kuwasaidia watoto waliofiwa siku tatu nzima. Nikajisikia nasema, "Mama yako yuko mbali, mwanangu." Loo, aibu niliyoona!

Kwenye benchi alikuwepo binti wa miaka tisa, aliyefiwa na baba mwaka uliopita. Kikundini hakuwahi kusema zaidi ya shikamoo. Alinitazama, akasogea, akamshika mwenzake mkono.

"Hayuko mbali. Amekufa," alisema taratibu. "Na mimi waliniambia baba amesafiri. Nikawa namsubiri barabarani kila siku. Waambie wakuoneshe kaburi."

Nilingoja yowe, halikuja. Mdogo aliuliza tu, "La baba yako uliliona?"

"Nililiona. Twende, nitakusindikiza."

Tukaenda, wao wawili mbele, sisi watu wazima nyuma tumenywea, hadi makaburini nyuma ya shamba la mihogo. Mama mdogo akaonyesha udongo uliokuwa bado mbichi. Hapo mtoto alilia, jamani, alilia hadi na mimi mkali nikalia. Mwenzake hakumwambia anyamaze. Alikaa chini kando yake, basi. Nilistaajabu, kwa sababu katika misiba yote niliyohudhuria sijamwona mtu mzima aliyeliweza jambo hilo.

Baadaye mtoto alijifuta kamasi kwa gauni, akainama karibu na udongo.

"Mama, wewe hukuniaga," alisema. "Mimi nimekuja kukuaga. Naenda Nyabusozi."

Akasimama, akamnyooshea mama yake mdogo mkono.