Chumvi ya Sato Kwenye Kidonge cha Udongo

Kosa ni langu, wala msinitafutie kisingizio. Nilimharibia binti wa watu maisha kwa sababu ya kutonawa mikono!

Ilikuwa enzi za Ujamaa, nikifundisha fizikia sekondari moja mjini Musoma. Kila mtu alihimizwa kujitegemea, nami nikajitia mvumbuzi: nitatengeneza betri ya redio kwa udongo wa Kiabakari, vijiji visisubiri betri za dukani. Kwanza ilibidi kujua kama udongo ule mkavu unapitisha ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji.

Bhoke, fundi wetu wa maabara, ndiye aliyesaga udongo na kuushindilia hadi ukawa vidonge kama vya aspirini. Tulibana kidonge kati ya vibati viwili, tukapitisha umeme wa kugeukageuka, wenye mitetemo ya polepole kisha ya haraka, nami nikisikiliza kwa visikilizio masikioni. Unazungusha kirekebishi hadi mlio uzimike, hapo unasoma ukinzani, yaani jinsi udongo unavyouzuia umeme. Ilibidi kurudia kwa kila mtetemo, maana ule wa polepole huziacha ioni zijazane kwenye bati na kukudanganya. Kazi ya subira hiyo, na Bhoke alinizidi subira. Nilimwahidi barua ya kumpendekeza chuo kikuu.

Siku moja nilitoka kula samaki, sato wa kuchoma, chumvi imekolea hasa. Nikafuta vidole kwenye suruali, nikavishika vidonge. Lo! Vilipitisha umeme ajabu! Nikakimbia kwa mkuu wa shule, naye akaalika wakubwa wa mkoa.

Bhoke akanifuata. "Mwalimu, sisi tulikuwaga tunavishika na kibano. Hivi vina alama za vidole vyako pembeni. Niviparue, nivikaushe, tupime tena?"

"Usinifundishe kazi!"

Akavisafisha na kuvipima mwenyewe. Udongo mtupu, ukinzani uko juu kabisa; kumbe kilichopitisha umeme ni chumvi na unyevu wa vidole vyangu. Akaniletea karatasi ya vipimo tukiwa wawili tu, asiniaibishe. Niliichana mbele yake! Kiburi gani kile, jamani?

Wakubwa walipokuja, vidonge havikupitisha kitu. Mkuu akauliza kulikoni. Nikamnyooshea kidole Bhoke: "Huyu ameviunguza kwenye tanuri."

Bhoke akaanza kuvikusanya vidonge. Angeweza kujitetea, lakini barua yake ilikuwa mezani kwangu, haijasainiwa. Aliniamini bado, maskini.

Sikuisaini. Ningemsifuje mtu niliyetoka kumsingizia? Wiki hiyohiyo aliachishwa kazi, na mimi nikaendelea kufundisha, eti mwalimu!

Miaka ikapita. Nikamkuta Bhoke mjini Bunda, kwenye kituo cha kununulia pamba, ana gunia kichwani na mikono imechanwachanwa na maganda makavu ya pamba. Nilitaka kujificha, akawahi kuniona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bhoke. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri." Akashusha gunia, akanitazama vidole. "Siku hizi unanawaga?"

Nikaingiza mikono mfukoni. Hata samahani sikumwomba, hadi zamu yake ya kupima pamba ikafika akaniacha nimesimama pale. Najichukia kwa hilo kuliko kwa yote!

Wenzangu mlio na watu chini yenu, mmoja wao akiwaletea karatasi ya kuwasahihisha, isomeni. Mimi niliichana, na leo uzeeni nikipita Bunda nainamisha kichwa ndani ya basi hadi tuuache mji.